Mdogo wangu, safari hii usipake piko

Mdogo wangu,

Jana usiku mama alinisomea kwenye simu mipango yote ya harusi yako. Singo siku tatu, ukumbi umeshalipiwa, sare za mashangazi ziko kwa fundi. Mwisho akasema mpakaji wa piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi, naye ameshatangulizwa nusu ya pesa. Hapo nilikosa usingizi. Nimekupigia asubuhi na mchana, najua umezongwa na mambo, basi nakuandikia. Nimeiacha wazi barua hii kwa sababu hapa Dar kila wikiendi kuna bibi harusi anayenyoosha mikono apakwe kitu kilekile, na huenda yupo ambaye ngozi yake ilishamwonya kama ilivyokuonya wewe.

Kumbuka harusi ile ya Temeke, miaka miwili iliyopita. Mimi ndiye niliyekaa nawe mkekani, nikakushikilia kanga isiguse maua kabla hayajakauka. Jumamosi mikono yako ilikuwa nyeusi ti, kila mtu akiisifia. Jumatatu ukaanza kujikuna. Jumanne mikono ilivimba, na malengelenge yakafuata mchoro wenyewe, ua kwa ua, jani kwa jani, mpaka kile kikonyo kilichopanda kwenye kifundo. Kijiko hukuweza kushika. Nilikulisha uji na kukuogesha kama mtoto, na usiku nilikusikia ukilia kimyakimya ili mama asiamke.

Shangazi akasema ni jicho. Jirani akasema mkanda wa jeshi. Duka la dawa wakasema fangasi, wakakuuzia tyubu ya krimu yenye dawa tatu ndani yake. Wote walikutakia heri, lakini hakuna aliyeitazama ile mikono vizuri. Mkanda wa jeshi hukaa upande mmoja wa mwili. Wewe ulivimba mikono yote miwili na nyayo. Fangasi hutambaa polepole, nao huacha duara lenye ukingo ulioinuka. Na ugonjwa gani unaochora maua?

Kilichokuunguza ni rangi. Hina ya mti haitoi nyeusi. Ili itoke nyeusi, tena haraka, huchanganywa na rangi ya nywele, ile kanta, na mara nyingine hupakwa kanta tupu. Ndani ya rangi hizo kuna kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Ulaya sheria inataka isizidi asilimia 2 katika rangi iliyokwisha kuchanganywa tayari kwa kupakwa kichwani, na kuipaka ngozini hairuhusiwi kabisa. Sisi tunaichorea ngozi na kuiacha ikauke, bila mtu kupima chochote.

Najua utaniuliza, mbona Idi ya mwaka uliotangulia nilipaka na sikudhurika? Hilo ndilo linalowachanganya wengi. Jiki haichagui mtu: ikikaa mkononi humbabua yeyote, tena siku hiyohiyo. Mzio hauendi hivyo. Mara ya kwanza kemikali huingia, askari wa mwili wakaisoma na kuiweka kumbukumbu, na wewe huoni kitu. Ikirudi tena, wanaitambua na kuishambulia, na vita hiyo ndiyo muwasho, uvimbe na maji uliyoyaona. Huchukua siku moja hadi tatu kuchomoza, ndiyo maana Jumamosi ulipendeza na Jumanne ukalia. Na kumbukumbu hiyo kwa kawaida haifutiki. Miaka miwili iliyopita si kitu kwake.

Kwa hiyo nakuomba usijaribu hata kwenye kidole kimoja, hata ukiambiwa piko hii ni ya Uarabuni au ni nyepesi. Na msusi wako mwambie mapema asikuguse na kanta wala rangi nyingine ya nywele yenye PPD. Hili la nywele linanitisha kuliko mikono, kwa sababu kichwani uvimbe huteremkia usoni, macho yakafumba. Mtu akivimba midomo au kupumua kwa shida hangojwi mpaka asubuhi, anakimbizwa hospitali.

Na ile tyubu bado iko kwenye kabati lako, niliiona. Itupe. Mle mna dawa ya jamii ya steroidi, ambayo daktari anaweza kuitumia vizuri kabisa kutuliza mzio kama wako, kwa siku alizozihesabu. Lakini ukiipaka kila kiwashacho, siku ikiwa ni fangasi kweli utauficha tu, wekundu upungue huku wenyewe ukienea chini kwa chini. Ukiipaka usoni muda mrefu, ngozi inakuwa nyembamba. Ukiwashwa tena na kitu chochote, osha kwa maji na sabuni ya kawaida, weka kitambaa cha maji baridi, usitumbue malengelenge. Ukiona usaha, au magamba ya njano kama asali, au pamekuwa pa moto, ujue vijidudu vimeingia palipokunwa. Hapo nenda kliniki ya ngozi. Muhimbili wanayo, nitakusindikiza.

Najua pia upande wa mkweo wanataka mikono myeusi. Nitaongea na somo wako mimi mwenyewe, naye ataongea nao kwa lugha yao ya kiutu uzima. Huna haja ya kujieleza kwa mtu.

Hina yako nitaipaka mimi. Majani nimeshayachuma kwa bibi Mbagala, yamekaukia kivulini, leo nayatwanga na kuyachekecha kwa kitambaa cha khanga laini. Nitakuja Alhamisi baada ya alasiri na ndimu zangu na chai ya rangi. Utalala nayo. Ijumaa asubuhi itakuwa ya chungwa, usihuzunike ukiiona. Hina huiva taratibu, na Jumamosi ukiingia ukumbini itakuwa imekolea hudhurungi. Yule mpakaji wa piko mwache na pesa zake, nimeshamwambia mama.

Dada yako