Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya Magereza: mguu haukuwemo katika hukumu

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MATIBABU YA MDOGO WANGU NA YA WAFUNGWA WENZAKE

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu, na ni dada wa mfungwa. Nimenyamaza mwaka mmoja na nusu, kwa sababu ndugu wa mfungwa huishi kwa woga: unajiuliza, nikisema sana, atakayeumia si yule aliye ndani? Leo naandika kwa kuwa nililokuwa naliogopa limeshatokea. Mdogo wangu amekatwa mguu wa kulia, chini ya goti.

Nianze na kosa lake, asije mtu akasema nimelificha. Yeye na wenzake wawili walivunja ghala la mfanyabiashara, wakakamatwa, hakimu akampa miaka mitano. Alikosa. Mama yetu alitoka mahakamani analia, lakini hakusema mwanawe kaonewa. Hatujawahi kumwomba mtu yeyote ampunguzie hata siku moja. Miaka mitano tuliisikia ikisomwa. Mguu hatukuusikia.

Ana kisukari tangu akiwa na miaka kumi na tisa. Huchoma insulini asubuhi na jioni. Alipokuwa mahabusu tulikuwa tunampelekea chakula chake na dawa zake, chupa ya insulini naifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuitia ndani ya chupa ya chai yenye barafu, nakimbilia daladala ya kwanza. Siku ya hukumu hayo yote yakakoma. Mahabusu huletewa na ndugu zake, mfungwa hula cha gereza. Ndio utaratibu, naukubali. Ila maana yake, Mheshimiwa, ni kwamba serikali iliniambia mimi dada yake niondoe mkono wangu kwa kuwa yenyewe inaweka wake. Nikauondoa.

Siku ileile nilikwenda getini na kadi yake ya kliniki. Kadi ya manjano, imekunjwa mara mbili, na ukingo wake niliushona mwenyewe kwa uzi mweusi maana ulikuwa unachanika. Ndani yake kuna tarehe, kiwango cha sukari, dozi, na tarehe ya kurudi. Askari wa zamu aliipokea kwa adabu, akaniambia, "Usiwe na wasiwasi dada, humu ndani kuna zahanati, kuna tabibu." Nilimshukuru. Usiku ule nililala.

Zahanati ipo kweli. Kwa alivyonieleza mdogo wangu ni chumba kimoja, kabati la dawa, tabibu mmoja na muuguzi mmoja kwa gereza zima. Dawa za malaria zipo, za maumivu zipo. Insulini huja, ikaisha, ikaja tena baada ya siku kadhaa. Sukari alipimwa mara tatu tu katika miezi yote hiyo. Tabibu simlaumu, na ninaomba barua hii isiwe fimbo ya kumpigia yeye. Ndiye aliyeandika karatasi ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa, akaandika tena, akaandika mara ya tatu.

Kidonda kilianzia shambani. Wafungwa hulima, na mdogo wangu alilima kwa kandambili zilizokatika mkanda. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za miguu: mwiba unaingia asubuhi, mwenye mguu anaujua jioni akiona damu. Na kidonda hicho hakifungi upesi, kwa kuwa damu haifiki vizuri unyayoni na sukari ikiwa juu mwili hauna nguvu ya kupambana na vijidudu. Kliniki walitufundisha hayo tangu mwanzo. Nyumbani alikuwa na kioo kidogo cha duara, kila jioni anakaa kizingitini, anakishika chini ya unyayo, anageuza, anatazama na katikati ya vidole. Hakwenda msalani peku. Kazi ya dakika mbili, na kwa miaka minane ilimlindia miguu yote miwili.

Nilipomtembelea mara ya kwanza baada ya kuumia, alikuja anachechemea. Askari aliyesimama pembeni akasema, "Huyo anatega." Yaani anajisingizia ili akwepe jembe. Mara ya pili nilisikia harufu kabla hajakaa. Akainamisha kichwa, akaninong'oneza, "Dada, wanasema gari hakuna." Niliomba kumwona mkubwa wa pale. Nilikubaliwa, nikapokelewa vizuri, nikapewa kiti, nikaambiwa atapelekwa hospitali wiki ijayo. Nikarudi wiki hiyo, nikaambiwa wiki ijayo. Ile wiki ijayo ilikuja baada ya wiki saba.

Sababu ni nini, nimebaki kubahatisha. Pengine ni mafuta ya gari. Pengine ni askari wa kumsindikiza, maana mfungwa mmoja hospitalini anahitaji walinzi usiku na mchana na askari wenyewe hawatoshi. Pengine ni lile neno "anatega", kwamba aliyelisema alisikilizwa kuliko aliyeandika rufaa. Hili la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mafuta hununuliwa. Lakini kama asiyesomea udaktari anaweza kuikalia karatasi ya tabibu, hata mkiongeza magari kumi karatasi itabaki mezani.

Hakuna aliyetuarifu alipokatwa. Aliyeniambia ni kijana aliyemaliza kifungo chake, akanitafuta sokoni hadi kibandani kwangu. Nilikuwa na sare ya shule ya mtu chini ya sindano. Alisema, "Dada, mdogo wako yuko hospitali ya mkoa, wamemtoa mguu." Zilikuwa zimepita siku tisa. Nilimkuta wodini amelala chali, macho yako kwenye dari, na pingu imefungwa kwenye mguu uliobaki. Daktari alisema ilikuwa donda ndugu, imefika mfupani, angeletwa mapema pengine wangekata kidole kimoja. Akaniuliza kadi yake ya zamani iko wapi. Mimi nimuulize nani?

Msaidizi wa kisheria wa mtaani kwetu alinichapia Kanuni za Mandela, zile ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha tarehe 17 Desemba 2015. Nimezisoma usiku, baada ya kufunga kazi. Kanuni ya 24 inasema afya ya mfungwa ni jukumu la serikali, atibiwe bure na kwa kiwango kilekile wanachotibiwa watu wa nje. Ya 26 inataka kumbukumbu zake za matibabu zitunzwe. Nikaifikiria kadi yangu yenye uzi mweusi. Ya 27 inasema uamuzi wa kitabibu ni wa wataalamu wa afya peke yao, mtumishi mwingine wa gereza asiupindue wala kuupuuza. Ya 69 inataka ndugu waarifiwe mfungwa anapougua sana. Na Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(d), inataka heshima ya mtu itunzwe hata katika kutekeleza adhabu. Sikuyatunga haya, Mheshimiwa. Ni ahadi, na zimeandikwa.

Mandela mwenyewe aliugua kifua kikuu akiwa gereza la Pollsmoor mwaka 1988, mzee wa miaka 70, amefungwa maisha. Alitolewa akapelekwa hospitali ya Tygerberg, akatibiwa, akapona. Waliomfunga walikuwa makaburu. Hilo ndilo lililonifanya niketi niandike, kwa sababu wanaomfunga mdogo wangu si makaburu. Ni sisi. Kodi ninayolipa kwenye kile kibanda inalisha gereza lile.

Nilikuwa nimepanga kukuomba mambo mengi. Mashine za kupimia sukari na vipimo vyake visivyokatika. Friji ya insulini. Viatu vya kufunika vidole kwa kila mwenye kisukari, na asipelekwe shambani akiwa na kidonda. Kadi ya mgonjwa isipotee. Ndugu wapigiwe simu. Yote bado nayaomba, kwa sababu mdogo wangu aliwaacha mle ndani wengine wawili wenye kisukari, na mmoja ana kidonda kisiginoni. Ila najua barua ndefu husomwa juu juu, basi likibaki moja libaki hili: tabibu wa gereza akishaandika rufaa, mgonjwa aende. Siku hiyohiyo. Asiwepo wa kusema anatega, asiwepo wa kusema wiki ijayo.

Amesharudishwa gerezani. Mshono haujakauka, na daktari ameniambia mguu wa kushoto nao umeanza kufa ganzi. Amepangiwa kliniki Alhamisi ya wiki ijayo, saa mbili asubuhi. Muuguzi ameniandikia tarehe hiyo kwenye kadi mpya na nakala ninayo mimi, sikuiacha getini safari hii.

Naomba gari liwepo, Mheshimiwa. Mimi nitakuwa kwenye benchi la nje ya kliniki tangu saa moja.

Wako mtiifu,
Dada wa mfungwa