Hadithi za gemu nazo zihakikiwe gazetini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kurasa zako za burudani hulipita kila wiki. Filamu zinahakikiwa, nyimbo zinahakikiwa, na tamthilia za televisheni zinasimuliwa sehemu baada ya sehemu. Lakini gemu, ambazo vijana wa huku Busia, upande wa Uganda, huzicheza likizo nzima, hutajwa tu pale mtu anapolalamika kwamba zinaharibu watoto. Malalamiko hayo siyajadili leo. Hoja yangu ni kwamba gemu nyingi za mapigano zina upande wa hadithi, wenye wahusika, migogoro na hatima, na kwamba hadithi hizo zinahitaji mtu anayejua kupima hadithi, kwa sababu baadhi yake zimetungwa kwa ustadi mkubwa na nyingine zinatusema vibaya sisi wenyewe bila kujibiwa na yeyote.

Ni kweli kwamba katika vibanda vyetu vya kuchezea gemu hadithi haipati nafasi. Anayelipia nusu saa hupendelea mpira, kwa kuwa mechi huisha na kila mtu akaona nani kafungwa; anayecheza misheni, yaani kazi za hadithi anazopewa mchezaji, huambiwa muda umekwisha katikati ya mazungumzo, na akirudi kesho yake hukuta mteja mwingine ameanza upya na kusevu juu ya kazi yake. Ndiyo maana wengi wanamjua CJ, mhusika mkuu wa Grand Theft Auto: San Andreas, gemu ya mwaka 2004, kama kijana wa kuiba magari tu, wala hawajui kwamba kisa chake kinaanza anaporudi nyumbani kwa mazishi ya mama yake, achilia mbali kufika pale anapogundua ni marafiki gani wa utotoni waliomsaliti.

Nafundisha Kiswahili shule ya sekondari, na kwa kazi hiyo nimezoea kuwauliza wanafunzi mhusika ametenda nini na kwa nini. Kwenye gemu swali hilo linakuwa zito zaidi, kwa sababu anayetenda ni mchezaji mwenyewe. Haitoshi basi mhakiki kusema picha zinang'aa au mazungumzo yana mvuto. Aangalie hadithi inamtuma mchezaji afanye nini kwa mikono yake, na kama baadaye inakumbuka alichofanya.

Kwa kipimo hicho sijaona inayoizidi Red Dead Redemption 2, iliyotolewa na Rockstar mwaka 2018. Tuko Marekani mwaka 1899, na Arthur Morgan, jambazi wa genge linaloelekea kusambaratika, anatumwa kudai deni kwa mkulima dhaifu aitwaye Thomas Downes. Mchezaji hana nafasi ya kukataa: ni yeye anayebonyeza vitufe na kumpiga mgonjwa huyo nyumbani kwake, na katika purukushani Downes anamkoholea damu usoni. Hakuna maelezo yoyote yanayotolewa. Saa nyingi za mchezo zinapita, treni zinaporwa, benki zinavunjwa, ndipo Arthur anapoanguka mjini na daktari anamwambia ana kifua kikuu. Huku kwetu, ambako si ajabu kumjua mtu aliyemeza dawa za TB kwa miezi 6, hakuna haja ya kufafanuliwa zaidi. Mwaka ule dawa hizo hazikuwapo. Kuanzia hapo kikohozi kinamkatiza Arthur maneno, mwili unakonda, na mchezaji akitaka anaweza kumtafuta mjane wa Downes na mwanawe akawapa msaada, ambao mama huyo, kwa haki kabisa, haupokei kwa furaha.

Umahiri huo hupotea hadithi zinapohamia Afrika. Resident Evil 5 ya Capcom, ya mwaka 2009, imewekwa katika mji wa kubuni wa Kijuju, ambao tunaambiwa uko Afrika Magharibi, na bado wakaazi wake waliopagawishwa na vimelea wanapiga kelele kwa Kiswahili. Mtu wa Busia aliyeshika pedi ya kuchezea gemu anawasikia na kuwaelewa wale anaotakiwa kuwapiga risasi, na sidhani kama waandishi waliwahi kumfikiria mchezaji wa namna hiyo. Far Cry 2 ya Ubisoft, ya mwaka 2008, inamleta mamluki mgeni katika nchi ya Kiafrika isiyotajwa jina, yenye pande mbili zinazopigana, na kumpa malaria. Homa yenyewe imefanywa vizuri, macho yanafifia na lazima umeze vidonge. Lakini barabarani hukutani na mama anayeuza nyanya wala mtoto aliyetumwa maji, unakutana na watu wenye bunduki. Nayo Call of Duty: Black Ops II ya mwaka 2012 inapita Angola ya 1986, mchezaji akapigana upande wa Jonas Savimbi, kiongozi wa waasi, kisha hadithi ikaendelea na safari zake kwingine. Watoto wa Savimbi waliishtaki kampuni ya Activision huko Ufaransa mwaka 2016, wakidai euro milioni 1 kwa madai kwamba baba yao amechorwa kama mtu asiye na akili anayetaka kuua tu, lakini walishindwa. Mimi kinachonisumbua zaidi ni kwamba vita vilivyoitesa Angola kati ya 1975 na 2002 vimetumika kama pazia la kufungulia mchezo.

Gemu iliyo ngumu kuihukumu ni Metal Gear Solid V: The Phantom Pain, iliyoongozwa na Hideo Kojima na kutolewa mwaka 2015. Sehemu yake moja inatokea mpakani mwa Angola na Zaire mwaka 1984. Mteja anakulipa ukawaue wafungwa katika mgodi wa almasi wa Kungenga. Ukiingia unakuta ni watoto. Shujaa anajifanya amewaua, na kazi yako inageuka kuwa kuwatoa wakiwa hai, mmoja wao akiwa hawezi kutembea, hivyo unambeba begani huku wenzake wakikufuata. Kwingineko unakutana na watoto waliopewa bunduki, na ukimuua mmoja wao, mchezo unakukatia hapo hapo.

Msomaji wa Uganda hawezi kulipita jambo hilo kwa wepesi. Dominic Ongwen alitekwa na waasi wa LRA akiwa mtoto, njiani kwenda shule, na mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu kifungo cha miaka 25 kwa aliyoyatenda alipokuwa mtu mzima. Mchezo unalikaribia swali hilo, pale watoto waliookolewa wanapokataa maisha ya kambini bila silaha na kuasi, halafu unalikimbia. Kiongozi wao ni Eli, mvulana mzungu, na hasira, ndoto na siri ya kuzaliwa amepewa yeye. Weusi wanaomzunguka karibu wote ni umati. Hata kisa chake hakikufungwa: misheni ya 51, iliyokusudiwa kukimaliza, haikukamilishwa, ikaonyeshwa tu kama video nusunusu kwa walionunua toleo maalumu.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Tales of Kenzera: Zau ya mwaka 2024, iliyobuniwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya aliyefiwa na baba yake, inamhusu kijana anayepatana na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba, na inachezeka kwa sauti za Kiswahili. Mapigano yake yanajirudia na inaisha mapema, na mhakiki asiyafiche hayo eti kwa kuwa ni kazi ya ndugu.

Ombi langu, Mhariri, ni safu moja kwa mwezi katika ukurasa ule ule wa filamu. Mwandishi wake awe ameimaliza gemu mwenyewe, si kutazama wengine wakiicheza YouTube, na aeleze hadithi inachukua saa ngapi, inahitaji mashine gani, kama inadai intaneti, maana bando huku si rahisi, na inamfaa mtu wa umri gani. Wazazi wanaolalamika nao watapata cha kusoma. Na iwapo utakosa mwandishi, ninao wanafunzi wawili wanaoweza kuanza wiki ijayo, mitihani yao ikishapita.

Wako,
Mwalimu wa Kiswahili,
Busia, Uganda