Mtindi ni dawa, lakini maziwa yachemshwe kwanza

Mhariri,

Mwezi uliopita mwanangu aliharisha siku tatu baada ya kunywa mtindi tulionunua karibu na stendi hapa Tabora. Nilipomrudia muuzaji, mama mpole kabisa, aliniambia huwa hachemshi maziwa kwa sababu uchachu unaua kila kitu.

Nusu ya maneno yake ni kweli. Bakteria wa mtindi hula sukari ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki. pH, yaani kipimo cha uchachu kinachoshuka kadiri uchachu unavyozidi, ikiwa chini ya 4.6, vijidudu vingi vya kuharisha hushindwa kuzaliana. Baadhi ya bakteria wa mtindi, kama Lactococcus lactis, hutoa pia naisini, protini ndogo inayotoboa utando wa baadhi ya bakteria wabaya. Lakini aina kali za E. koli, bakteria wa utumbo wanaoharisha, huweza kuvumilia uchachu huo, na pia brusela wa ng'ombe, bakteria wanaoambukiza watu kupitia maziwa mabichi.

Bibi yangu alichemsha maziwa mpaka yafure, akayaacha yawe vuguvugu, ndipo akatia kijiko cha mtindi wa jana kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Nawaomba maofisa afya wawafuate akina mama hawa sokoni na stendi, wawaelekeze kwa upole, bila kuwamwagia maziwa yao.

Mzazi, Tabora