Mama Kulwa, usimlaumu muuza barafu

Kirumba, Mwanza

Mpendwa Mama Kulwa,

Salamu nyingi ziwafikie huko Nansio. Sisi huku wazima.

Barua yako nimeipata, na pole kwa mzigo wa sangara uliorudishwa na kiwanda. Unasema samaki hawakunuka, mashavu bado mekundu, ila mnofu ukibonyezwa haurudi. Wale wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wakakwambia ni barafu chafu. Mimi nakataa. Uchafu huleta bakteria, na kazi ya bakteria ungeisikia puani. Kulegea bila kunuka kunatoka ndani ya nyama yenyewe.

Ngoja nianze na binadamu, maana huko ndiko nilikosomea. Kwenye kromosomu yetu ya 11 kuna jeni iitwayo CTSD. Ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza katepsini D, kimeng'enya kinachokatakata protini zilizochakaa ndani ya seli ili vipande vyake vitumike tena. Najua utauliza: mbona hakili seli yenyewe? Hapo ndipo penye utamu. Kinaanza kikiwa mnyororo wa asidi amino 412, na kipande cha mwanzoni hufunika mahali pa kukatia, kama ala ya kisu, mpaka kitakapoondolewa. Halafu kinafungiwa kwenye vifuko vidogo, lisosomu, ambavyo ndani yake ni asidi, pH karibu 5 (pH ni kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi). Nje ya kifuko pH ni kama 7, na huko kinadorora. Vifuko hivyo aliving'amua Mbelgiji Christian de Duve katika uchunguzi wa maini ya panya. Akavipa jina 1955, na 1974 akapata Tuzo ya Nobeli pamoja na wenzake wawili.

Usidhani tungekuwa salama zaidi bila hicho kimeng'enya. Mtoto akirithi nakala mbovu ya CTSD kwa baba na nyingine kwa mama, takataka hujazana kwenye seli za ubongo. Wengine huzaliwa na kichwa kidogo na degedege, na hufariki mapema. Ni ugonjwa wa nadra mno, lakini niliposoma habari zake nilifunga kitabu kwanza.

Sasa sangara. Naye ana katepsini zake. Akishakufa, oksijeni haifiki tena kwenye nyama, asidi inaongezeka, kuta za vifuko zinadhoofu, na vimeng'enya vinamwagika mahali panapovifaa. Vikisaidiana na vingine, kalpaini, vinaanza kukata nyuzi za mnofu. Barafu haiviui, inavipunguza kasi tu. Ndiyo maana zile saa samaki anazolala mtumbwini juani ndizo zinazokula faida yako. Na wanaogandisha, wakayeyusha, wakagandisha tena, hao ndio wanaharibu kabisa, kwani chembe za barafu hupasua vifuko.

Ningekuwa wewe ningegombana na mwenye mtumbwi. Apakie barafu kabla ya kuingia ziwani, na samaki azikwe kwenye barafu pale pale anapotolewa wavuni. Atalalamika nafasi. Mwambie mtagawana gharama, uone kama hatanyamaza.

Kulwa na Doto nawasalimu sana. Nijibu upesi, na uniambie bei ya mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, huko, maana hapa kila mtu ananitajia yake.

Ni mimi rafiki yako,
Mwalimu