Kikwapa cha wanafunzi: tutazame na mashati yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi na walimu wakuu. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Watoto wetu wanaingia kidato cha kwanza Januari, joto likiwa limepamba moto huku pwani, tena katika umri ule ule ambao tezi za kwapani zinaanza kazi. Mtoto aliyekuwa akicheza juani kutwa bila kunuka, ghafla ananuka kikwapa, na nyumbani hakuna aliyekaa naye akamweleza.

Mwezi uliopita binti wa kidato cha pili aliniletea shati lake huku analia. Mwalimu alimtoa mstarini asubuhi, mbele ya shule nzima, akamwambia akajifunze kuoga. Binti yule anaoga, namfahamu, ni wa jirani. Nikaligeuza shati: kwapani kitambaa kimekakamaa na kuwa cha njano, ilhali lilifuliwa jana yake. Nilipopitisha pasi tu, harufu ikapanda kama limevuliwa sasa hivi.

Jasho likitoka mwilini halinuki. Bakteria wa kwapani ndio wanaolila na kutoa harufu, na kitambaa cha poliesta, yaani cha nyuzi za plastiki, hung'ang'ania mafuta ya mwili pamoja na harufu hiyo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walilinganisha fulana za watu 26 waliofanya mazoezi ya baiskeli, na za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba. Hata hivyo, shule nyingi ninazozishonea zinataka poliesta kwa kuwa haijikunji na bei yake ni nafuu. Mzazi ananunua shati moja, mtoto analivaa wiki nzima. Pamba inalimwa kwetu, Simiyu na Shinyanga, halafu wanetu tunawavisha plastiki!

Wazazi wenzangu, kwapa lioshwe kwa sabuni asubuhi na jioni, likauke kabisa kabla ya kuvaa. Kunyoa kunasaidia. Asiyemudu diodoranti anunue jiwe la shabu sokoni, aliloweshe na kujipaka baada ya kuoga, ila si kwenye ngozi iliyotoka kunyolewa au yenye mchubuko. Zile dawa za kuzuia jasho zenye alumini hushika vizuri zikipakwa usiku, kwapa likiwa kavu. Ndimu nawasihi muiache. Inachoma ngozi, na ikikutana na jua inaibabua vibaya. Na mtoto anayelowa jasho chapachapa hata akiwa amekaa kivulini apelekwe hospitali, maana hali hiyo ina tiba.

Shati nalo lina matunzo yake. Ligeuzwe ndani nje, lilowekwe kwenye maji yenye siki kidogo, lisuuzwe, kisha kwapa lisuguliwe kwa sabuni ya mche na lianikwe juani likiwa bado limegeuzwa. Jiki huzidisha unjano, na kamwe isichanganywe na siki, kwani hutoa hewa ya sumu.

Walimu wakuu, ruhusuni shati la pamba. Turuhusuni pia sisi mafundi tushushe kwapa kidogo na kutia kipande cha kwapani kama tunavyofanya kwenye kanzu, hewa ipite. Rangi na nembo vitabaki vile vile. Na mtoto akinuka, aitwe pembeni, msichana na mwalimu wa kike, aelezwe taratibu. Mtoto aliyeaibishwa mstarini kesho yake anatafuta sababu ya kutokwenda shule.

Najua shati la pamba linazidi bei. Ndiyo maana naomba jambo hili liingizwe kwenye ajenda ya kikao kijacho cha wazazi. Shule yoyote ya hapa Tanga ikinialika, nitakuja na vipande vya vitambaa vyote viwili, wazazi wavishike wenyewe kabla ya kuamua.

Fundi wa sare,
Ngamiani, Tanga