Barua ya wazi kwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti: utujibu ardhilhali yetu ya maji

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salamu kutoka Kisauni, Mombasa. Kwa heshima sitaitaja kamati yako wala jina lako, lakini barua hii ikikufikia utajijua. Mimi ndiye yule mwalimu mstaafu aliyeketi kiti cha nyuma kabisa Alhamisi iliyopita, mwenye buibui na daftari mbili mapajani, pamoja na majirani zangu wawili. Ulipokuwa ukitoka ulinipa mkono, ukasema, "Mama, mtaarifiwa."

Naandika kwa sababu neno hilo sasa nimelisikia mara ya nne, na ardhilhali yetu, yaani maombi rasmi tuliyoyapeleka Seneti kuhusu maji, bado haijajibiwa.

Jumatano saa tatu za usiku tulipanda basi Mwembe Tayari. Nauli ilichangwa mtaani, huyu hamsini, yule ishirini, na muuza mahamri wa kona akatoa mia nzima. Tulifika Nairobi alfajiri, tukaswali, tukanawa nyuso, tukanywa chai ya rangi, na saa mbili unusu tulikuwa langoni na vitambulisho mkononi. Barua ya mwaliko ilisema saa nne. Saa nne wakaja wanachama wawili wa kamati. Saa nne unusu ukaja wewe. Saa tano kijana mmoja akatangaza kuwa akidi, yaani idadi ya wanachama inayohitajika kuanza kikao, haijatimia na kikao kimeahirishwa. Hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi. Jirani yangu mmoja ana kisukari, na miguu ilimvimba njiani hata viatu vikakataa kuingia. Alirudi kituo cha basi kwa kandambili, viatu amevitia kwenye mfuko wa karatasi, na usiku uo huo tukawa njiani tena kurudi Pwani.

Mheshimiwa, ulipata nafasi ya kulisoma lile jambo lenyewe? Maana mimi sina hakika tena.

Kwetu mfereji hutoa maji mara moja kwa wiki, na kuna wiki hautoi kabisa. Ukikaribia kutoa huanza kupumua, kiasi cha saa tisa usiku. Ni upepo mtupu unaopiga mluzi kwenye bomba, na mita inazunguka, na upepo ule huja kwenye bili twaulipia. Kisha hutoka maji ya rangi ya chai, ndoo mbili tatu, ndipo yaje meupe, na hayafiki nusu saa. Nimejifunza kulala na sikio moja wazi. Nikipitiwa na usingizi, asubuhi nanunua kwa mkokoteni, mtungi kwa mtungi, kwa bei atakayosema mwenye mkokoteni. Wasioweza hunywa ya kisima. Kisima chetu kina chumvi, sabuni haitoi povu, na mbaazi hupikwa tangu asubuhi zisiive. Mjukuu wangu anaoga kwa kopo tatu kabla ya shule, na nasimama kando yake nikihesabu. Kuhesabu kopo za maji za mtoto, Mheshimiwa, ni jambo la kumwaibisha mtu mzima.

Sasa, pengine utasema maji ni kazi ya kaunti. Ni kweli, Jedwali la Nne la Katiba limesema hivyo, na tulianzia huko. Lakini Mombasa hatuna mto wala chemchemi ya kuutosha mji huu. Maji yetu yatoka chemchemi za Mzima, kule Taita Taveta, kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200 lililojengwa enzi za mkoloni. Yatoka Baricho, Kilifi, kando ya mto Sabaki. Yatoka Marere na Tiwi, Kwale. Bwawa la Mwache ambalo kila mara twaambiwa tulisubiri, nalo liko Kwale. Ndugu zetu wa Taita wanasema maji yachotwa kwao wao wakakaa na kiu, na wana haki kusema. Kwa hivyo kila tunapouliza, mlango huu watuelekeza mlango ule: huku ni kaunti, huku ni serikali kuu, huku ni kaunti ya jirani. Sijui ugomvi uko wapi hasa. Nashuku ni madeni ya mabomba makuu, nashuku pia ni nani aandikwe kuwa mwenye chanzo. Lakini jambo linalogusa kaunti nne na serikali kuu kwa pamoja, kama si kazi ya Seneti, basi ni kazi ya nani? Kifungu cha 96 kinasema Seneti inawakilisha kaunti na kulinda maslahi yake. Kifungu hicho nimekifundisha darasani.

Ndiyo, nimefundisha shule ya msingi miaka 31, na katika masomo ya jamii nilikuwa nikiwachorea watoto ubaoni safari ya mswada unaoanzia Seneti: kusomwa mara ya kwanza, kupelekwa kwa kamati, kusomwa mara ya pili, Kamati ya Bunge Zima, mara ya tatu, kisha Bunge la Taifa, na pande mbili zikikosana inaundwa kamati ya upatanishi. Nilipofika kwenye ardhilhali niliwaambia: kifungu cha 119, kila mtu ana haki. Si lazima uwe wakili, si lazima uwe tajiri. Kila mtu. Watoto hao sasa ni watu wazima, wanaendesha tuktuk, wanauza samaki, wengine wako bandarini, na ndio walionijia wakisema, "Mwalimu, si ulitufundisha?"

Tukaandika. Sheria ya mwaka 2012 ya taratibu za ardhilhali yasema iwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya adabu. Tuliandika kwa Kiswahili, na neno la matusi hamna. Yasema tueleze ni wapi tumeshakwenda tukakosa jibu la kuridhisha. Tulieleza, na nakala za barua zote tukaambatisha. Yasema tutaje kama jambo liko kortini. Haliko, tukasema haliko. Yasema kila mtu aandike jina, anwani, nambari ya kitambulisho, atie sahihi, na asiyejua kuandika atie dole gumba. Nilizunguka na daftari nyumba kwa nyumba siku kumi na moja. Kuna bibi mmoja, hatoki kitandani ila kwa kushikwa. Nilimfunulia kidau cha wino, akachovya, akabonyeza dole lake kwenye mstari polepole sana, akalishikilia pale kama anayeogopa litatoroka. Kisha akalifuta kwa pindo la leso yake na kuniuliza, "Hili watalitazama?" Nikamwambia watalitazama, bibi, ni sheria.

Nilimwahidi kwa niaba yenu, Mheshimiwa.

Maombi yetu yalisomwa ukumbini wiki mbili kabla ya Ramadhani. Tulitazama kwenye simu ya kijana mmoja, tumeizunguka watu kumi na tano barazani kwangu. Kanuni za Kudumu za Seneti huruhusu maseneta kutoa maoni juu ya ardhilhali kwa muda usiozidi nusu saa, na walisimama kadhaa, wakasema kwa uchungu, wakasema maji ni uhai, mmoja akasema akina mama wa Pwani wamevumilia mno. Tulipiga makofi. Kisha Spika akaikabidhi kwa kamati yako, na kanuni hizo hizo zasema kamati ijibu kwa ripoti, kwa waliopeleka ombi na mezani pa Seneti, katika siku zisizozidi 60.

Tumefunga, tumefungua. Idi ndogo imepita, Idi kubwa imepita, na Maulidi tumeshasoma. Hesabu mwenyewe.

Nimejaribu kuwaelewa. Najua mna mambo mengi: mgao wa mapato, ripoti za mkaguzi mkuu, magavana wa kuhojiwa, likizo za Bunge, mikutano ya kaunti zenu. Najua mwaka 2020 fomula ya kugawia kaunti fedha iliwakalia vigumu, ikaletwa ukumbini kikao baada ya kikao hadi Septemba mlipopatana. Sikuwalaumu. Nilisema, hawa watu wakiamua jambo ni muhimu, hawaliachi. Na Seneti ilipokwenda kortini kulalamika kwamba Bunge la Taifa lapitisha sheria bila kuishirikisha, Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 mwezi wa Oktoba mwaka uo huo. Rufaa zilizofuata nawaachia mawakili. Ninachokumbuka ni kwamba nilifurahi kwa ajili yenu. Nilisema ni vibaya mtu mwenye haki ya kusikizwa apitwe kama hayupo.

Basi na sisi tuko, Mheshimiwa. Tulikuwa kwenye viti vile vya nyuma Alhamisi.

Akidi ya Seneti nzima, kwa kifungu cha 121, ni maseneta 15. Kwa kamati ni wachache zaidi. Siamini kwamba katika miezi yote hii imeshindikana kupata wachache hao kwa saa moja. Kama kuna sababu nyingine, kama kuna mtu ameomba jambo hili lisiguswe, kama mnangoja bwawa, kama mnaogopa kuwakosanisha magavana, tuambieni. Mitaani watu wameshaanza kusema mengi, na mimi sina la kuwajibu. Wengine wasema nauli yao nimeila.

Katika ardhilhali tuliomba mambo matano: kamati ije ione, iwaite wote wanaohusika na vyanzo hivi vinne wakae meza moja, bili za upepo zichunguzwe, ratiba ya maji itangazwe na ifuatwe, na iangaliwe kama sheria yahitaji kurekebishwa ili kaunti zenye chanzo na kaunti zenye kunywa zipate haki zote mbili. Bado tunayataka yote matano. Lakini leo sikuandikii kuyadai matano.

Naomba jibu. Ripoti, kwa maandishi, yenye jina la ardhilhali yetu juu yake. Ikiwa mmekubali, semeni mmekubali. Ikiwa mmekataa, andikeni mmekataa na kwa nini, tujue pa kwenda. Hata ukurasa mmoja. Nairobi hatuwezi kuja tena, hela hatuna na yule jirani yangu miguu haijapona, lakini anwani yangu iko ukurasa wa kwanza wa ardhilhali, na nambari ya simu iko chini yake, na simu siizimi hata usiku kwa sababu ya mfereji.

Yule bibi ameniuliza tena juzi. Nimemwambia bado.

Wako kwa heshima,
Mwalimu mstaafu, Kisauni, Mombasa