Nitafutie kanga ya mkwe

Muheza, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Wazima huko Unguja? Sisi hatujambo, vuli imeanza na njia ya kwetu imeshakuwa tope tupu. Ile safari uliyokuwa ukinicheka kwamba nitazeeka nayo, basi imefika. Shule zikifungwa Desemba tunakwenda Likoma, kwa kina shemeji yako, na kurudi ni mwisho wa Januari.

Njia ni ndefu, maana kisiwa ni cha Malawi lakini kimekaa ubavuni mwa Msumbiji. Basi hadi Dar, jingine hadi Mbeya, tushuke na Tukuyu mpaka Kasumulu, tuvuke mto Songwe, halafu Karonga, Mzuzu, Nkhata Bay. Hapo ndipo tunapanda meli. Inaitwa Ilala, na usinicheke, si Ilala ya Dar. Ni Ilala ya Zambia, alikofia Livingstone. Moyo wake ulizikwa huko chini ya mti, na ule msalaba wa kanisa la Mkunazini, unapopita kila siku na kikapu chako, husemwa ulichongwa kwa mti huohuo. Meli yenyewe ni ya 1951. Isipokuwepo siku hiyo, tutapanda itakayopatikana.

Shemeji yako amebadilika. Unamjua, mtu wa maneno mawili kwa siku. Sasa jioni anakaa kizingitini anamchorea mtoto ufuo kwa kijiti: hapa mibuyu, hapa vichanja vya kuanikia usipa, ambao ni kama dagaa wetu. Juzi akamwambia kuna siku ziwa hutoa moshi mweusi unaopanda hadi mawinguni. Mtoto akauliza, "Baba, ziwa linaungua?" Kumbe ni wadudu, nkhungu, na watu huwanasa wakawafinyanga maandazi wakala! Nikamwambia hayo watakula wao wenye ziwa. Na ziwa lenyewe, mimi naliita Nyasa, yeye Malawi, na nyumbani kwangu kesi hiyo haijaisha. Anayepika ndiye anayetaja jina.

Krismasi tutasali kwenye kanisa lao kubwa, lililoanza kujengwa 1903 na wamisheni wale wale wa Kianglikana, wa UMCA, waliokuwa Mkunazini na hapa kwetu Magila. Kisiwa ni kilomita za mraba 18 hivi, wao wakakijengea kanisa kuu! Hilo nataka nilione kwa macho.

Lakini shoga, miaka saba mgeni ni yeye. Msibani hukaa karibu yangu, akanivuta kanga, "Yule nani? Nimwamkieje?" Nami nikajiona mwenye mji. Sasa nitakayemvuta shati ni mimi. Naingoja safari hii mpaka usingizi unaruka, na tumbo linaniuma papo hapo.

Linaniuma kwa ajili ya mkwe. Tunajuana kwa simu tu, kila Jumapili. Yeye, "Muli bwanji?" Mimi, "Ndili bwino, kaya inu?" Halafu kimya, tunacheka wote wawili, nampa simu mwanawe. Maneno mengine hayanishindi: maji ni madzi, nyumba ni nyumba, moto ni moto. Ila nimeambiwa mkamwana humwamkia mkwe kwa kupiga magoti, na magoti yangu unayajua tangu ile ajali ya pikipiki. Nafanya mazoezi jikoni. Kushuka nashuka. Kuinuka nashika mguu wa meza, mtoto ananipigia makofi.

Sasa shida yangu. Nenda Darajani unichagulie kanga doti moja, nzito, ya pamba safi, nyekundu iliyoiva au zambarau. Vitenge wanavyo tele, wao huita chitenje, lakini kitambaa chenye maneno mama huyu hajapata kuvaa. Mpe mtu yeyote anayevuka kuja Tanga kabla ya Desemba, pesa nakutumia kesho kwa simu. Na jina ulisome mara mbili kabla hujalipa. Nakujua unavyopenda mafumbo. Nataka la heri tu, lisiwe na kijembe hata cha mbali, kwa sababu shemeji yako atamfasiria mama yake neno kwa neno, nami nitakuwa palepale mbele yao, nimepiga magoti, siwezi kuinuka.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Shogayo